Nyumba Inanguruma: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kelele za Pampu, Mabomba na Tenki la Maji

Mimi ni fundi bomba. Nazunguka Mtwara mjini, Mikindani na Lindi, na mara chache napanda Newala na Tandahimba. Maswali haya ndiyo yanayonifikia kwa simu wiki hadi wiki, mengi yakianza na "Fundi, sikiliza hii," kisha mtu ananisogezea simu kwenye pampu. Nimeyapanga kwa mafungu. Jibu likiwa limeshatolewa kwingine, nakuelekeza huko.

## Kabla ya kushika spana

1. Nyumba inapiga kelele kila maji yanapotembea. Nianzie wapi?

Anza kwa kuuliza "saa ngapi?" Kwa siku mbili hivi angalia kelele inatokea wakati gani: pampu inapowaka, inapozima, koki inapofunguliwa au kufungwa, tenki la juu linapojaa, hita ikiwa imewashwa, au usiku wa manane watu wote wamelala.

Kelele inayodumu muda wote pampu ikizunguka, itafute kwenye pampu na vilivyofungwa nayo (maswali ya 4 hadi 9). Inayopiga mara moja koki inapofungwa ni ya mabomba (swali la 10). Inayosikika pampu ikiwa imezimwa huku maji ya mtandao yakiingia tenkini, mara nyingi ni boya, yaani valvu ya kuelea inayofunga maji tenki likijaa (swali la 14). Inayokuja na maji ya moto tu, nenda maswali ya 13 na 16.

Kama una tenki la juu, kuna jaribio la dakika moja: zima pampu kabisa, fungua koki utumie maji yanayoshuka yenyewe. Kelele ikiendelea, pampu haina kosa. Watu wengi wamenunua pampu mpya kwa kuruka hatua hii.

2. Pampu iko uani, mbona kelele naisikia chumbani kwangu?

Kwa sababu bomba na maji yaliyomo hubeba mtetemo mbali kuliko hewa. Mtetemo unasafiri kimya ndani ya bomba hadi ukute kitu chepesi cha kuupigia: bati la dari, mlango wa kabati, ukuta mwembamba wa tofali moja. Hapo ndipo sikio lako linapoupata, nawe unaamini ndipo ulipozaliwa.

Mimi mwenyewe nimewahi kuingia mkenge huo. Mteja mmoja Chikongola alilalamikia mngurumo, nikafungua pampu na kubadilisha beringi. Kesho yake simu: kelele ile ile. Niliporudi ndipo nilipopitisha kiganja ukutani hatua kwa hatua, nikafika jikoni, nikakuta bomba limeegemea ncha ya nondo iliyotoka kwenye linta. Kipande cha raba kilimaliza kazi. Beringi zilikuwa nzima, na fedha ya kazi ya kwanza nilimrudishia.

Kifaa cha kusikilizia unacho ndani: bisibisi ndefu au mpini wa ufagio. Weka ncha moja kwenye bomba, klipu au mwili wa pampu, na nyingine kwenye mfupa ulio mbele ya sikio. Sogea. Pale sauti inapokuwa kali na kavu kuliko kwingine ndipo penye chanzo. Kwenye pampu inayozunguka, gusa mwili wa mota tu. Nywele, kanga na mikono mirefu ya shati vikae mbali na feni.

3. Kelele ipi ni ya kawaida?

Pampu nzima huvuma. Umeme wetu ni wa hezi 50, na sumaku ya mota huvuta mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo mvumo mzito usiobadilika ni wa maumbile. Pampu nyingi za nyumbani huzunguka kama mara 2,800 hadi 2,900 kwa dakika. Cha kukutia wasiwasi ni sauti iliyobadilika. Siku pampu ikiwa mpya irekodi kwa simu sekunde 20. Miaka miwili baadaye rekodi hiyo itakufaa kuliko kumbukumbu yako.

## Pampu yenyewe

4. Pampu ikiwaka, sakafu na ukuta vinatetemeka. Tatizo ni nini?

Kabla ya kuishuku mota, angalia ilivyokaa. Nyumba nyingi ninazoingia, pampu imesimama juu ya matofali mawili yasiyoshikana, au imefungwa kwenye kibati cha chuma kilichopigwa ukutani, na ukuta wenyewe ni wa chumba cha kulala. Kibati hicho ni spika.

Inavyotakiwa: msingi mdogo wa zege uliojitenga na ukuta, mzito kuliko pampu yenyewe, juu yake raba nene (tairi kuukuu la gari linatosha), kisha pampu, kisha bolti zilizokazwa kiasi. Ukizikaza mpaka raba ibonyee yote, umeifuta kazi yake. Godoro la sponji halifai, ingawa nalikuta mara kwa mara: pampu inayumba, mabomba yanavutana kwenye maungio, na sponji likiziba sehemu ya feni mota inapata joto.

Hatua ya pili ni kuikata njia ya mtetemo. Pampu ikiunganishwa moja kwa moja na bomba gumu, inatetemesha nyumba yote. Weka kipande cha mpira wa presha, wenye nyuzi za chuma au kitambaa, upande wa kutolea maji. Upande wa kuvuta tumia mpira usiosinyaa tu, la sivyo utanyonywa ubanane, nawe utakuwa umejitengenezea tatizo la swali la 5.

Kwa wanaokaa Shangani, Mikindani na popote upepo wa bahari unapofika: bolti na kifuniko cha feni vinaliwa na chumvi. Kifuniko kikishalegea kinagusana na feni, kinatoa mlio wa tatata ambao mtu anaweza kuudhania ni mota inakufa. Kabla ya yote, kibonyeze kwa kijiti. Sauti ikikatika, umeipata.

5. Inalia kana kwamba imemeza kokoto. Nimefungua, hakuna hata jiwe.

Hicho ni kilio cha kukosa maji upande wa kuvuta. Pampu inapovuta kwa nguvu kuliko maji yanavyoweza kuja, mgandamizo unashuka mpaka maji yanachemka yakiwa baridi, yanatoa vipovu vya mvuke. Vipovu vikifika penye mgandamizo mkubwa vinapasuka kwa ndani, na kila mpasuko ni kama nyundo ndogo juu ya impela, lile gurudumu la ndani linalosukuma maji. Ukiuacha muda mrefu, impela inatoboka vishimo kama iliyoliwa na mchwa.

Sababu zake, kwa mpangilio ninaokutana nazo: chujio la mwisho wa bomba la kuvuta limejaa mchanga au majani, geti valvu (valvu yenye kibamba kinachopanda na kushuka) limefunguliwa nusu, bomba la kuvuta ni jembamba kuliko mdomo wa pampu, au maji yako chini mno. Hili la mwisho lina mpaka usiovukika. Pampu iliyo juu ya ardhi haivuti maji yenyewe, inaondoa hewa, na uzito wa hewa ya nje ndio unaoyasukuma yapande. Usawa wa bahari uzito huo unatosha mita 10 na kidogo kwa hesabu ya kitabuni. Kazini usitegemee zaidi ya mita 7 hadi 8. Kisima chako kikiwa na maji mita 7 wakati wa masika, yakishuka hadi 9 mwezi wa kumi, kokoto zitaanza kulia bila pampu kuwa na kosa lolote.

Kitofautishe na hewa inayoingia kwenye ungio bovu. Hewa hutoa sauti ya kubabaika, na maji yanatoka na vipovu vyeupe. Paka povu la sabuni kwenye maungio ya upande wa kuvuta pampu ikizunguka: penye tundu, povu linanyonywa ndani.

6. Inavuma tu, haizunguki.

Izime mara moja. Mota iliyosimama huku ikipata umeme inavuta mkondo mkubwa mara kadhaa ya kawaida, na waya zake zinaweza kuungua kwa dakika chache.

Washukiwa ni watatu. Wa kwanza ni kapasita, kile kikopo kilicho kwenye kisanduku cha waya. Kikichoka, mota inakosa msukumo wa kuanzia. Dalili: ukiizungusha feni kwa kijiti kisha ukawasha, inaondoka vizuri. Kibadilishe kwa chenye mikrofaradi zile zile zilizoandikwa juu yake, na volti zisizopungua. Hata ukichomoa pampu, kapasita inaweza kuwa bado imebeba umeme. Mwachie fundi umeme kama hujui kuimwaga.

Wa pili ni impela iliyokwama, na huku kwetu huyu ana majira yake. Mtu anafunga nyumba ya mjini, anahamia shambani kwenye mikorosho miezi miwili au mitatu, anarudi na fedha, anawasha pampu: mmm. Pampu ndogo za impela ya pembeni zina mwanya mwembamba sana kati ya impela na nyumba yake, kutu kidogo tu inatosha kuzigandisha. Chomoa umeme, tafuta ncha ya shafti nyuma ya feni (nyingi zina mfereji wa bisibisi), izungushe taratibu huku na huku mpaka ilainike. Usipige nyundo. Kabla ya kusafiri tena, mwachie jirani ufunguo awashe dakika mbili kila wiki.

Wa tatu ni umeme mdogo. Kiwango ni volti 230, na mota nyingi huvumilia asilimia 10 juu au chini. Pima wakati pampu inajaribu kuwaka. Kipimo ukikichukua pampu ikiwa imezimwa hakikuambii kitu, kwa sababu waya mwembamba na mrefu unaoungaunga kutoka nyumba kubwa hadi uani hupoteza volti pale mzigo unapokuja.

7. Ilianza kama mluzi, sasa inakwaruza.

Beringi. Huanza na mlio mwembamba, huja mngurumo mkavu, mwisho shafti inacheza na rota inagusa mwili wa mota. Chomoa umeme, shika shafti, itikise juu na chini. Mchezo wowote unaohisiwa na kidole ni mwingi.

Swali la kuuliza baada ya hapo ni kwa nini zimekufa. Mara nyingi sili, kile kizuizi cha maji kwenye shafti, ilianza kuvuja, maji yakapita kwenye shafti yakaingia kwenye beringi ya mbele. Tone lenye kutu chini, kati ya pampu na mota, ndiyo alama yake. Ukibadilisha beringi ukaacha sili, utarudi dukani baada ya miezi michache. Namba imechongwa pembeni ya beringi; kwenye pampu ndogo utaona kama 6201, 6202 au 6203. Hiyo 6202, kwa mfano, ina tundu la milimita 15 na kipenyo cha nje cha milimita 35. Nenda dukani na ya zamani mkononi.

8. Inawaka na kuzima kila baada ya sekunde chache, na kila ikiwaka bomba linashtuka.

Ama mtungi wa presha umepoteza hewa, ama maji yanavuja mahali.

Mtungi kwanza. Ndani una mpira wenye maji, na hewa imeuzunguka. Hewa ikiisha hakuna cha kusukuma maji pampu ikiwa imelala, hivyo switchi inashtuka kwa kila glasi inayochotwa. Gonga mtungi kwa kifundo cha kidole: mtungi mzima una sehemu inayolia tupu na sehemu inayolia nzito. Ukilia nzito kote, umejaa maji. Bonyeza kipini cha valvu ya hewa. Yakitoka maji, mpira umepasuka. Ukitoa hewa dhaifu, ujaze: zima pampu, fungua koki maji yote yaishe, kisha pampu ya baiskeli inafaa. Kiwango ni baa 0.2 chini ya presha ambayo pampu huwakia. Kama inawaka kwenye 1.4, jaza 1.2.

Mtungi ukiwa mzima, tafuta uvujaji. Mwizi mkuu ni tangi la choo. Mimina ndani yake kikombe cha choya au rangi ya chakula, usiflashi kwa nusu saa, kisha angalia bakuli la choo. Likigeuka jekundu umemkamata.

9. Nimenunua pampu kubwa zaidi, na kelele imezidi. Imekuwaje?

Umeongeza maji bila kuongeza njia. Bomba la plastiki la PPR la milimita 20, tunaloliita la nusu inchi, tundu lake kwa aina nene ni milimita 13 tu na ushei. Lita 20 kwa dakika zikipita humo, maji yanakimbia karibu mita 2.4 kwa sekunde, na hapo bomba linapiga mluzi. Lita zile zile kwenye bomba la milimita 25 zinakwenda kama mita 1.5, kimya kabisa. Mabadiliko hayo ya milimita 5 mara nyingi yana faida kuliko kutoka nusu hosipawa kwenda moja.

Kabla ya kununua, pima uliyonayo kwa ndoo. Pampu ndogo ya nusu hosipawa, ikipandisha maji mita chache, inapaswa kujaza ndoo ya lita 20 kwa dakika moja hivi. Ikifika huko, pampu haina udhaifu. Mabomba ndiyo yamebana.

## Mabomba na koki

10. Nikifunga koki ukuta unagonga "du!" Nyumba itapasuka?

Nyumba haitapasuka, maungio ndiyo yanayoumia. Maji yanayokimbia ni mzigo wenye mwendo, na koki ya kisasa ya kugeuza robo inausimamisha ghafla. Mshtuko unarudi nyuma ndani ya bomba. Maji yaliyokuwa yakienda mita 1 kwa sekunde, yakikatwa ghafla kwenye bomba la chuma, yanaweza kupandisha presha kwa baa 12 hivi. Kwenye bomba la plastiki, ambalo hutanuka kidogo, ni kama baa 4 hadi 6. Ndiyo maana nyumba za zamani zenye mabomba ya chuma hugonga zaidi.

Dawa ya kwanza haigharimu kitu: funga koki taratibu, na uwaambie watoto. Mashine ya kufulia haisikii nasaha, valvu yake inakata kwa kishindo, kwa hiyo weka kidhibiti mshtuko karibu nayo, yaani kile kichupa chenye hewa au springi kinachomeza pigo. Halafu funga mabomba. Bomba la PPR la milimita 20 linataka klipu kila sentimita 80 hivi. Nimeona mita tatu nzima ndani ya dari zikining'inia kwenye waya wa kufungia nondo. Na punguza mwendo wa maji, kama swali la 9.

Mafundi wengine huacha kipande cha bomba wima, kimezibwa juu, kiwe mto wa hewa. Kinafanya kazi mpaka hewa iyeyuke majini, kisha kinakuwa bomba la kawaida. Ukikipenda, mwaga maji ya mfumo wote kila baada ya muda hewa irudi.

11. Koki moja inapiga honi ikifunguliwa nusu, ikifunguliwa yote inanyamaza.

Washa, kile kiraba cha ndani ya koki, imelegea au imelika, inachezacheza kwenye mkondo wa maji kama mdomo wa zumari. Funga maji, fungua koki, badilisha washa. Kama ni geti valvu inayolia, kibamba cha ndani kimelegea kwenye mti wake: ifungue mpaka mwisho na uiache hivyo. Geti valvu ni ya kufungua yote au kufunga yote, haikuundwa kupunguza maji.

12. Maji yakikatika yakarudi, mabomba yanakohoa na kutikisika.

Hewa iliyojaa bomba tupu inatafuta pa kutokea. Fungua kidogo koki iliyo chini na karibu na mita ya maji, subiri mpaka mkondo utulie, kisha panda juu koki moja moja. Maji ya mwanzo yenye rangi mwagilia maua. Usiwashe hita mpaka koki ya moto itoe maji bila kukohoa.

Na kama pampu yako inanyonya moja kwa moja kwenye bomba la mtandao, ing'oe hapo. Inavuta hewa na uchafu kupitia kila tundu la bomba la mtaa, na inamkausha jirani. Maji yaingie tenki la chini kwanza, pampu ivute kutoka hapo.

13. Nikimaliza kuoga maji ya moto, ukuta unagonga tik, tik, tik.

Bomba la plastiki linarefuka na kujirudi. PPR ya kawaida ya mita 5, joto likipanda nyuzi 40, inarefuka karibu milimita 30, upana wa vidole viwili. Ikibanwa na plasta, inasogea kwa kukwaruzana. Haina hatari. Inaudhi tu, na kuitibu ni kubomoa plasta pale inapopita kona ili ipate nafasi. Mimi kwangu nimeiacha.

## Tenki la juu

14. Usiku, pampu ikiwa imezimwa, tenki linatoa sauti kama ng'ombe. Ni nini?

Boya. Usiku presha ya mtandao hupanda kwa sababu watu wamelala. Boya likikaribia kufunga, maji yanapita kwenye upenyo mdogo kwa kasi, yanapiga mawimbi, mawimbi yanalirusha boya juu na chini, boya linafungua na kufunga upenyo, na mawimbi yanaongezeka. Mzunguko ukishakolea, ukuta laini wa plastiki wa simtanki unacheza nao wote. Tenki la lita 1,000 lililojaa nusu ni ngoma kubwa kuliko zote zinazotoka wakati wa unyago.

Uhakika: panda, nyanyua mkono wa boya kwa kidole. Ukikatika mlio, umemaliza uchunguzi. Kisha chagua. Punguza presha inayoingia kwa valvu ya kupunguza presha au koki kabla ya tenki. Imarisha pale boya lilipotobolewa kwa kipande cha bamba la chuma kisichopata kutu, ndani na nje, ukuta usicheze. Fundisho la wazee wa kazi hii ni kuning'iniza kikopo cha plastiki chini ya boya, kizame majini: kinalizuia lisirukeruke. Nimekitumia Lindi mjini mara kadhaa na sijaitwa tena. Washa ya boya ikiwa imelika, badilisha boya zima.

15. Tenki linanguruma pampu inapolijaza.

Maji yanaanguka toka juu kwenye tenki tupu. Inua kiwango cha kuwashia ili lisikauke, au elekeza mdomo wa bomba ubavuni maji yateleze. Kichanja cha chuma kikiyumba, acha habari ya kelele na umwite fundi wa kuchomelea leo: lita 2,000 ni tani mbili juu ya vichwa vya watu.

## Hita

16. Hita inaunguruma kama birika linalotaka kuchemka.

Chokaa. Pwani yetu imekaa juu ya miamba ya matumbawe na mawe ya chokaa, na maji mengi ya visima ni magumu. Utayajua kwa sabuni kukataa kutoa povu. Yakipashwa, chokaa inaganda juu ya koili. Maji yaliyonaswa chini ya gamba hilo yanageuka mvuke, vipovu vinatoka na kupasuka, hita inanguruma. Umeme unaliwa zaidi, na koili inakufa mapema.

Zima umeme kwenye sakiti breka, si kwenye swichi ya ukutani tu. Mwaga maji, toa koili, iloweke kwenye siki au maji ya ndimu usiku kucha, kisha sugua kwa brashi isiyo ya chuma. Angalia pia ile fimbo ya magnesi iliyo ndani. Ikibaki waya mtupu, badilisha, la sivyo kutu itahamia kwenye tangi. Wenye kutumia maji ya mvua, kama nyumba nyingi za Newala, karibu hawajui tatizo hili, maji yao ni laini.

Valvu ya usalama inayodondosha matone hita ikipasha inafanya kazi yake. Usiizibe kamwe kwa sababu ya sauti au matone.

## Juu Newala, na visimani

17. Navuta maji ya mvua kutoka tenki la chini ya ua. Pampu inanguruma zaidi tenki likikaribia kuisha.

Ni swali la 5 tena, na nyongeza mbili. Uwanda wa Makonde uko juu, na hewa ya huko ni nyepesi: kwa kila mita 1,000 za mwinuko unapoteza kama mita 1 ya kina cha kuvuta. Halafu tenki likibaki na kina kidogo, maji yanazunguka kama kimbunga kwenye mdomo wa bomba na kuingiza hewa. Acha mdomo wa kuvuta uwe sentimita 20 au 30 juu ya tope, na weka swichi ya boya inayozima pampu kabla maji hayajafika hapo. Huko maji ya kianga huchotwa kwa hesabu. Pampu ikaungua kwa kuzunguka kavu katikati ya Oktoba ni msiba wa ua mzima.

18. Pampu ya kuzamisha inapiga kishindo ndani ya kisima inapowaka.

Mota inapoanza, mwili wake unataka kuzunguka upande wa pili, unajigonga kwenye kesingi, lile bomba la ukuta wa kisima. Kunahitajika mikono ya raba ya kuishika katikati, na kebo ifungwe kwenye bomba kila mita chache isikwaruzwe. Kama kishindo ni inapozima, chek valvu, ile inayozuia maji kurudi, inajipiga kwa maji yanayorudi. Ikiwa maji yanakuja na mchanga, usingoje kelele: mchanga unakula impela kimya kimya.

## Maswali ya pembeni

19. Kwa umeme wa gridi iko kimya, kwa sola inanguruma.

Inveta ya bei rahisi haitoi wimbi laini la umeme, inatoa ngazi. Mota inavuma, inapata joto, inapoteza nguvu. Tafuta inveta ya wimbi kamili, yenye uwezo wa kubeba mzigo wa kuanzia.

20. Dada yangu yuko Uingereza, na nyumba yake nayo inanguruma. Haya yanamhusu?

Kwa sehemu. Kule boila hupasha maji, pampu ndogo inayazungusha kwenye radieta vyumbani, kisha yanarudi, maji yale yale mwaka mzima. Sisi Mtwara hatuna haja nayo hata Julai, lakini kelele ni ndugu. Boila inayonguruma ina chokaa au tope, sawa na hita ya swali la 16. Radieta inayogugumia ina hewa juu, hutolewa kwa kifunguo kidogo mfumo ukiwa umepoa. Pampu iliyowekwa mwendo mkubwa mno inapiga mluzi, rudi swali la 9. Kitu ambacho sisi hatuna ni tope jeusi la kutu linalotuama chini ya radieta kwa sababu maji hayabadilishwi. Mwambie aulize ile ile: saa ngapi, na iko wapi ukishika bomba. Ila asifungue boila ya gesi. Sheria ya kule inataka fundi aliyesajiliwa Gas Safe.

21. Ukuta unavuma usiku, pampu yangu imechomolewa na hakuna maji yanayopita.

Shika ukuta unaochangia na jirani. Nyumba zilizobanana, kama kule Magomeni, pampu yake ikifungwa kwenye ukuta wenu ni kama imefungwa kwako. Nenda na kipande cha tairi na salamu, muisogeze pamoja.

22. Kelele imekoma yenyewe. Nimshukuru Mungu?

Mshukuru, kisha chukua ndoo. Pampu iliyokuwa ikilia kokoto inaweza kunyamaza kwa sababu maji yamekatika kabisa na sasa inazunguka kavu. Maji yakitoka kwa kasi ile ile ya zamani, klipu imejikaza au hewa imetoka. Yakitoka kidogo, au mwili wa mota ukiwa wa moto kiasi cha kushindwa kuushika, izime na uende ukatazame maji yako mita ngapi.